Itaendelea: Mtoto Aifuataye Hadithi Sura kwa Sura

Katika kila darasa la shule ya msingi yumo mtoto mmoja au wawili ambao hukaa nyuma, hawanyoshi mkono, na wakiulizwa swali la ufahamu husimama kimya mpaka mwalimu achoke. Mwalimu mgeni huwaandika upesi katika fungu la wasiojua kusoma. Makala haya yanakusudia kumwomba mwalimu mwanachuo asiwe na haraka hiyo. Yamkini mtoto huyo anasoma kila wiki, tena kwa bidii kuliko mwalimu wake. Ila anachokisoma hakimo katika kitabu cha kiada, na hakuna mtu aliyepata kumwuliza.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kufanya haraka hiyo, na hasara yake haikuniangukia mimi.

Daftari katika kabati

Nilikuwa nikifundisha Kiswahili Darasa la Tano katika shule moja ya Wilaya ya Temeke, upande wa Mbagala. Ilikuwa miaka michache baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016. Watoto walijaa, na dawati la watu watatu lilikaliwa na watano. Mvulana mmoja, ambaye sitamtaja jina, alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho katika kila jaribio la ufahamu. Siku moja, katikati ya imla, nilimkuta ameficha chini ya dawati daftari kubwa, lile ambalo watoto huliita kaunta buku. Nikalichukua.

Ndani yake mlikuwa na picha zilizochorwa kwa kalamu ya wino wa buluu: mvulana mwenye nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu, amefunga kitambaa chenye bamba la chuma katika paji la uso, mbweha mwenye mikia tisa, watu wakiruka kutoka paa hadi paa. Kila mtu alikuwa na kiputo cha maneno karibu na kinywa chake, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili. Kila baada ya kurasa chache palikuwa na neno moja la herufi kubwa lililopigiwa mstari: ITAENDELEA.

Sikulisoma. Nilitazama mashetani yale, nikaona ni upuuzi, nikalifungia daftari katika kabati la ofisi ya walimu, na mwenyewe nikamtuma kufagia uwanja. Kwa muda wa wiki mbili hivi niliwasikia watoto wakibishana chini ya mwembe wakati wa mapumziko: fulani amekufa, hakufa, amekufa. Nilidhani wanazungumza habari za sinema. Kisha ubishi ule ukaisha, nami sikuuona mwisho wake kuwa ni jambo.

Ilipita miezi mitatu. Alasiri moja ya mvua, nikiwa nimebaki peke yangu ofisini, nililitoa daftari lile na kulisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Lilikuwa na sura zaidi ya 20. Tahajia yake ilikuwa mbovu, lakini visa vilishikana, kila mhusika alisema kwa namna yake, na hapana sura iliyosahau yaliyotokea katika sura iliyotangulia. Katika ukurasa wa mwisho, juu ya daraja lililofunikwa na ukungu, mvulana mmoja alikuwa ameanguka, mwili umejaa sindano, kwa sababu alijitupa mbele kumkinga mwenzake. Chini yake: ITAENDELEA. Nami, mtu mzima mwenye azimio la kazi lisilokwisha, nilitaka kujua kama mvulana yule amekufa. Ndipo nilipofahamu watoto walikuwa wakibishana nini chini ya mwembe, na kwamba niliyewanyima jibu ni mimi.

Niliuliza, na mambo yakafunuka. Kaka yake, fundi wa simu huko Tandika, alikuwa na hadithi ya Kijapani katika simu yake, iliyofasiriwa kwa Kiingereza. Kila Jumamosi jioni alimruhusu mdogo wake kusoma sura moja, moja tu, kisha simu ikarudi mfukoni. Mtoto aliisoma kwa kubahatisha, akiuliza neno hapa na pale na kujisaidia kwa picha. Jumapili aliichora upya kwa kumbukumbu na kuiandika kwa Kiswahili. Jumatatu daftari liliingia darasani, na kila aliyetaka kulisoma alitoa kashata au kipande cha muhogo wa kukaanga. Yaani mtoto niliyemwandika kuwa hana ufahamu alikuwa akisoma lugha ya kigeni, akifasiri, akifupisha, na kuwapatia wenzake chakula cha akili cha wiki nzima. Katika mitaala yetu kazi hizo ni za madarasa ya juu kuliko lake.

Hadithi yenyewe

Yafaa mwalimu aijue hadithi ambayo watoto wanaipenda, maana huwezi kuhukumu kesi usiyoisikiliza. Hadithi aliyoifuata mtoto yule ni Naruto, iliyotungwa na kuchorwa na Masashi Kishimoto. Ni ya aina ya manga, yaani hadithi za picha za Kijapani. Ilitolewa katika gazeti la kila wiki liitwalo Weekly Shonen Jump kuanzia Septemba 1999 hadi Novemba 2014, sura 700 kwa jumla. Mtoto wa Kijapani aliyeianza akiwa na miaka 10 aliimaliza akiwa na miaka 25. Nyingine katika gazeti hilo hilo, One Piece, ilianza Julai 1997, na ilipofika Januari 2021 ilikuwa imetimiza sura 1,000 bila kufika mwisho.

Habari ya Naruto, kwa ufupi, ni hii. Jini la mbweha mwenye mikia tisa lilikishambulia kijiji, likaua watu wengi. Mkuu wa kijiji alitoa uhai wake ili kulifungia ndani ya tumbo la mtoto aliyezaliwa siku ile. Mtoto alikua yatima. Watu wazima walijua kilichomo tumboni mwake, wakamchukia, na watoto wao wakaiga chuki hiyo bila kujua sababu yake. Mtoto akawa mtundu: akachafua kuta, akapiga kelele, akafanya kila lililoweza kuwafanya watu wamtazame. Katika mtihani wa kumaliza shule alishindwa mara tatu.

Sasa mwalimu mwanachuo na atue hapa, kwa sababu mtu wa kwanza kumthamini mtoto huyu ni mwalimu wake wa shule, jina lake Iruka. Mwalimu huyu naye ni yatima, na wazazi wake waliuawa na jini lile lile lililofungiwa tumboni mwa mwanafunzi wake. Alikuwa na kila sababu ya kumchukia. Badala yake humpeleka kibandani kula tambi za mchuzi, na silaha inapotupwa kumwua mtoto, mwalimu huikinga kwa mgongo wake mwenyewe. Mwisho wa sura ya kwanza humfunga mtoto kitambaa chake yeye, ndicho cheti cha kuhitimu. Sura 699 zinazofuata zimesimama juu ya tendo hilo moja. Nilipolisoma daftari nililomnyang'anya mwanafunzi wangu na kukuta kwamba linaanza na habari ya mwalimu wa namna ile, sikuwa na la kusema.

Hadithi inapokatwa, mtoto hufanya nini?

Tazama kifungu cha ufahamu cha kawaida. Ni cha ukurasa mmoja. Kinafuatiwa na maswali matano. Majibu yote yamo humo humo. Kengele inalia na kifungu kinasahauliwa. Kina faida yake, wala sisemi kiondolewe. Lakini hakimdai mtoto kukumbuka jana, wala kuitazamia kesho. Hadithi ya mfululizo humdai yote mawili. Mimi naona kuna mambo manne ambayo mtoto aifuataye hadithi sura kwa sura hujifunza bila kuambiwa.

Kwanza ni kumbukumbu. Anayesoma sura ya 26 sharti awe na sura ya 3 kichwani, maana jambo dogo lililotajwa kule ndilo litakalofungua fundo huku.

Pili ni kutabiri. Pale hadithi inapokatwa, mtoto haachi kusoma. Anaendelea kusoma bila kitabu. Hupima tabia za wahusika, hukadiria nguvu za kila upande, hutoa hoja na kupingwa. Ubishi ule wa chini ya mwembe ulikuwa somo la ufahamu la hali ya juu, na mwalimu hakuwapo.

Tatu ni kuunganisha sababu na matokeo. Msomaji wa mfululizo hukasirika hadithi inapodanganya: mtu dhaifu wiki iliyopita hawezi kuwa shujaa wiki hii bila sababu. Hasira hiyo ndiyo mwanzo wa uhakiki. Wenye gazeti lile la Kijapani waliitambua nguvu yake. Kila toleo lina kadi ya msomaji kutaja hadithi zilizompendeza, na hadithi inayokosa kura kwa muda huondolewa. Gazeti lililouza nakala zaidi ya milioni 6 kwa wiki katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa likiongozwa na maoni ya wanafunzi.

Nne ni kusubiri. Hili twalidharau, nalo ndilo zito kuliko yote. Mtoto wa leo hupewa kila kitu papo hapo au hanyimwi nusu, hunyimwa kabisa. Kusubiri kwa wiki nzima jambo ambalo una hakika litakuja ni malezi. Humfundisha mtoto kwamba juhudi ina kesho.

Kuna la tano ambalo si la mtoto bali la mwalimu. Lugha ya Kijapani huandikwa kwa alama nyingi ngumu, nazo huchukua miaka mingi ya shule kuzijua. Magazeti ya watoto, likiwamo hilo, huchapisha pembeni ya kila alama ngumu herufi ndogo nyepesi zinazoonyesha jinsi ya kuitamka. Mtoto hazuiwi kuisoma hadithi ya umri wake kwa sababu hajafika kiwango fulani cha maandishi. Hupewa jambo gumu pamoja na msaada wake, papo hapo, bila kuaibishwa. Sisi aghalabu hufanya kinyume: mtoto wa Darasa la Tano aliyechelewa kusoma tunampa kitabu cha Darasa la Kwanza, tukashangaa kwamba hakitaki.

Si jambo geni kwetu

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya Wajapani, na kwamba Mswahili hana haja nayo. Watu hao wameisahau nyumba yao. Bibi aliyeanza kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" hakumaliza hadithi ndefu kwa usiku mmoja; usingizi wa wajukuu ndio uliokuwa mwisho wa sura. Alfu Lela Ulela, iliyosomwa kwa Kiswahili na vizazi vya wanafunzi tangu wakati wa Waingereza, nzima inasimama juu ya kukata hadithi: mwanamke anaokoa uhai wake kwa kuinyamazia alfajiri palipo patamu. Majini yamo humo, na mazulia, na wanyama wasemao. Wala hakuna aliyesema kwamba si yetu.

Katika magazeti pia hatukuchelewa. Wasomaji wa Kenya na Tanganyika walimfahamu Juha Kalulu wa Edward Gitau tangu miaka ya 1950, na Juha huyo aliendelea kuwachekesha wajukuu wa wasomaji wake wa kwanza. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilimpata Sani, gazeti la Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, lililochukua jina lake katika herufi za mwanzo za majina yao mawili. Waliokua Kinondoni, Magomeni na Temeke katika miaka ya 1980 wanawajua Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili kama wanavyowajua jirani zao. Nakala moja ilipita mikono kumi kabla ya kufungiwa karanga. Kwa upande wa kusikiliza palikuwapo kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, ambacho Debora Mwenda alikisimulia kwa sauti iliyowaita watoto ndani bila ya kuchapwa. Na katika vibanda vya video vya uswahilini walikuwapo wafasiri kama Lufufu, aliyeziingiza sinema za kigeni katika Kiswahili kwa kinywa chake. Alichokifanya yule mvulana wa Mbagala kwa kalamu ni kile kile alichokifanya Lufufu kwa sauti.

Hata lile linalowatatiza wageni wengi, kwamba kurasa za manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, halikumtatiza mtoto yule hata kidogo. Alikuwa akienda madrasa kila alasiri, na kurasa za msahafu hufunguliwa upande huo huo. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa mwelekeo huo kwa karne nyingi kabla ya herufi tunazozitumia leo.

Pingamizi lenye uzito

Pingamizi moja sharti lijibiwe kwa uangalifu, nalo ni la uchawi na majini. Mzazi mmoja aliniambia: "Mwalimu, sisi huku mambo hayo si hadithi. Watu wanakufa." Alisema kweli. Hatuwezi kusahau mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliyoshtadi kuanzia mwaka 2006 na 2007, wala vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa sababu moshi wa jikoni umeyafanya macho yao kuwa mekundu. Tunakumbuka hofu ya Popobawa iliyovikumba visiwa vya Zanzibar mwaka 1995 na kusikika mpaka mitaa ya Dar es Salaam mwaka 2007. Mwalimu anayechukua hadithi ya mashetani na kuiingiza darasani bila kufikiri anacheza na moto.

Lakini tuzipambanue hadithi zenyewe. Iko hadithi inayomfundisha mtoto kwamba baya lote lina mtu nyuma yake, na mtu huyo ni jirani. Anayeisoma huondoka akimtazama bibi wa nyumba ya pili kwa jicho jingine. Hadithi hiyo isiingie darasani hata ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili fasaha. Na iko hadithi inayomweka msomaji ndani ya kifua cha yule anayenyoshewa kidole. Naruto ni ya namna hii ya pili. Mtoto anayeambiwa ana shetani ndiye tunayempenda. Wanaomnong'onezea ndio tunaowaonea haya. Katika darasa langu alikuwamo msichana mwenye ualbino aliyekaa peke yake mwisho wa dawati. Sikuwahi kuuliza kwa nini yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa daftari lile siku ya Jumanne na Jumatano. Nafikiri sasa najua.

Kwa hiyo swali la mwalimu lisiwe "Je, mna majini?" bali "Je, mtoto akifunga kitabu hiki, atamwogopa nani na atamhurumia nani?"

Pingamizi nyingine ni nyepesi. Wanaosema kwamba picha humfanya mtoto mvivu wa kusoma hawajamwona mtoto akisoma picha: huunganisha kisanduku na kisanduku, hujaza kilichotokea katikati, huusoma uso wa mtu pamoja na neno lake. Wanaosema kwamba lugha ya hadithi hizi ni mbovu wana haki mara nyingi. Lakini tahajia mbovu ya mtoto apendaye kuandika husahihishwa kwa wiki chache, na tahajia nzuri ya mtoto asiyependa kuandika haina mahali pa kwenda. Na wenye kuhofia simu wanayo haki ya kuhofia. Ila ninachopendekeza hapa hakihitaji simu wala umeme.

Jinsi ya kufanya

Mchapishaji wa Kijapani alipofungua mwaka 2019 programu ya kusomea hadithi zake bure, Kiswahili hakikuwamo. Tusiketi tukisubiri kufasiriwa. Mwalimu aliye na kitabu kimoja, chaki na sauti anaweza kuanza Ijumaa ijayo. Mimi nilifuata taratibu hii, nami naitoa kwa wenzangu waipime.

1. Chagua hadithi moja ndefu yenye safari na miujiza, uisome yote kabla ya kuianza darasani. Kwa Darasa la Sita na la Saba Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952, inafaa sana. Kwa madarasa ya chini tumia ngano ya mahali penu iliyo ndefu, au uzishone ngano tatu ziwe moja.

2. Tenga dakika 15 za mwisho za kipindi kimoja cha wiki, siku ile ile na saa ile ile. Usiibadili siku. Siku moja ya kusahau hubomoa wiki tano za kungoja.

3. Weka alama katika andalio la somo mahali utakapokata. Usikate penye mapigano tu. Kata penye swali. Katika Adili, kata pale mtu mwadilifu anapoamka usiku, akawapiga manyani wawili kwa mjeledi, kisha akawabembeleza huku akilia.

4. Andika ubaoni neno Itaendelea, uweke chaki chini, usijibu swali lolote. Dakika tano zilizobaki ni za watoto kutabiri. Andika utabiri wao kwa maneno yao wenyewe, wa kila mmoja, hata ule unaoonekana wa kijinga.

5. Wiki inayofuata aanze mtoto, si mwalimu, kutoa muhtasari wa yaliyopita. Mchague kwa zamu, na zamu ifike nyuma ya darasa.

6. Fungua daftari moja la darasa. Kila wiki kikundi kimoja kiandike na kuchora sura iliyosomwa. Sahihisha tahajia kwa penseli, pembeni, kwa herufi ndogo, kama wafanyavyo Wajapani wale.

7. Hadithi hii usiitolee alama, wala usiifanye kuwa tuzo au adhabu. Siku utakaposema "Mkipiga kelele sisomi" utakuwa umeigeuza kuwa fimbo.

Nataka kutaja tukio moja la taratibu hii. Nilipokata pale penye manyani, nilipata utabiri mwingi: ni wezi, ni wachawi, ni manyani tu. Yule mvulana wa daftari, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amenyosha mkono, alisema akiwa ameketi: "Analazimishwa, mwalimu. Mtu akipiga kwa hiari yake halii." Hakuna swali katika kitabu cha kiada ambalo lingeweza kulitoa jibu hilo.

Hitimisho

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliisha vizuri. Mwisho wa mwaka nilimrudishia daftari lake, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Alilipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa adabu kama alivyofundishwa nyumbani. Nikamwuliza lini ataendelea. Akasema: "Hadithi imeshapoa, mwalimu." Kaka yake alikuwa amekwisha kwenda Morogoro kutafuta kazi, na simu ilikwenda naye. Wasomaji wake walikuwa wamesahau ni nani aliyeanguka darajani. Mfululizo ukikatwa na mwenyewe huitwa itaendelea. Ukikatwa na mwingine hufa. Tangu siku ile sikumwona akichora tena.

Ninyi mtakwenda hivi karibuni katika mazoezi ya kufundisha, huko Mbagala, Tandika, Mwananyamala, Tandale na kwingineko. Mtakuta madarasa makubwa na vitabu vichache, na mtakuta daftari chini ya dawati. Mtaambiwa na wakubwa zenu, kwa nia njema, kwamba nidhamu ndiyo kwanza. Ni kweli, imla ni imla, na mtoto asiyeandika imla aelezwe. Lakini daftari lile, kabla hujalifungia kabatini, lisome mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha mwite mwenyewe baada ya kengele, umwulize swali moja ambalo kila mtunzi hulingoja: "Halafu ikawaje?"